Gari linakataa kudrifti: tafuta ugonjwa kwenye matairi na gia

Anayeanza kudrifti, yaani kupita kona gari likiteleza ubavu kwa makusudi, kwenye gemu za mbio kwa kawaida hukimbilia injini. Gari likimkatalia anaongeza turbo, likimkatalia tena anaweka kubwa zaidi, mwisho anabaki na gari la nguvu za farasi 600 lisiloweza kumaliza kona moja likiwa ubavu. Nami nilipita njia hiyo kwa miezi. Kilichonitoa huko ni kuelewa kwamba gari la drifti hushikiliwa na mwendo ambao matairi ya nyuma yanazunguka, ukilinganisha na mwendo ambao gari lenyewe linakwenda. Aina ya tairi huamua inahitajika nguvu kiasi gani ili liendelee kuzunguka. Gia huamua litazunguka kwa mwendo gani. Ukigusa kimoja umegusa na cha pili, na ndiyo maana mtu anayebadilisha matairi bila kutazama gia hujikuta ameponya homa na kuleta kikohozi.

Nitatumia gemu mbili: Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni, iliyotoka rasmi mwaka 2014, na Gran Turismo 7 ya Polyphony Digital ya mwaka 2022. Hesabu zenyewe zinafaa kwenye gemu yoyote inayoheshimu fizikia ya tairi.

Maneno machache kwanza. Gia fupi ni ile inayopandisha injini haraka na kuishiwa mwendo mapema. Gia ndefu ni kinyume chake. Nikisema difu namaanisha uwiano wa mwisho, ule wa kwenye ekseli ya nyuma. Difu ya 4.3 maana yake propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, inazunguka mara 4.3 ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gia zote zinakuwa fupi kwa pamoja.

Kabla ya kulaumu tairi

Zima visaidizi vyote. Kwenye Gran Turismo 7 weka Traction Control (kizuizi cha matairi kuzunguka ovyo) sifuri, zima ASM (kizuizi cha gari kuteleza), na zima msaada wa kukata usukani kinyume, maana huo hasa hugombana na mikono yako kila gari linapolala, yaani nyuma inapotoka ubavuni. Kwenye Assetto Corsa zima traction control na udhibiti wa uthabiti. Gia ziwe za mkono. Giaboksi ya otomatiki huona mizunguko imepanda ikadhani umefika mwisho wa gia, ikakubadilishia katikati ya kona, na hakuna tairi duniani litakalokuokoa hapo.

Ukicheza kwenye kibanda cha gemu angalia pia mpangilio alioacha mwenzako. Nimewahi kuhangaika saa nzima na gari lililokuwa na matairi ya Racing Soft, ya mbio yenye mshiko mkubwa, ambayo sikuyaweka mimi.

Hesabu itakayotuongoza

Tuchukue Toyota AE86, Corolla Levin na Sprinter Trueno za mwaka 1983 hadi 1987, gari ambalo dereva wa drifti wa Japani, Keiichi Tsuchiya, alijengea jina lake. Nalichagua kwa sababu lina nguvu kidogo, na gari lenye nguvu kidogo halifichi kosa. Giaboksi yake ya T50 ina uwiano wa 3.587 kwa gia ya kwanza, 2.022 ya pili, 1.384 ya tatu, 1.000 ya nne na 0.861 ya tano. Difu ni 4.3. Kwa tairi la 185/60 R14, mzingo ni kama mita 1.81.

Kupata mwendo wa tairi, gawa mizunguko ya injini kwa uwiano wa gia uliozidishwa na difu, kisha zidisha kwa mzingo. Kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, gia ya pili inazungusha matairi kwa mwendo wa km 94 kwa saa, na ya tatu kwa km 137 kwa saa. Shika namba hizo mbili.

Sasa gari liko kwenye kona kwa km 60 kwa saa, limelala nyuzi 40, yaani pua imegeuka kwa pembe hiyo kutoka uelekeo gari linakokwenda. Uelekeo wa pua ya gari unachukua km 46 kwa saa ya mwendo huo, na ubavuni gari linateleza kwa km 39 kwa saa hivi. Tairi lililokwisha kuteleza kabisa hugawa nguvu yake kufuata uelekeo wa utelezi. Likizunguka kwa km 60 tu, asilimia 94 ya nguvu yake inazuia utelezi wa ubavuni, yaani nyuma inashika na gari linataka kunyooka. Likizunguka kwa km 94, zinabaki asilimia 63. Likizunguka kwa km 137, asilimia 39. Hapo ndipo mguu wa mafuta unapopata kazi yake ya kweli. Ukiongeza mwendo wa tairi, nyuma inaachia na pembe inakua. Ukipunguza, nyuma inashika na pembe inafunga.

Dalili karibu zote zinazofuata zimetoka kwenye aya hiyo. Ukiielewa hutahitaji kunakili mpangilio wa mtu.

Gari linaanza vizuri, kisha linajinyoosha katikati ya kona

Hii ndiyo dalili inayoletwa na watu wengi zaidi, na ina sababu mbili zinazopingana. Dawa ya moja ni sumu kwa nyingine, kwa hiyo usiguse kitu kabla ya kusikiliza injini.

Rudia kona ileile mara tatu ukiwa umekanyaga mafuta yote, na utege sikio sekunde moja kabla gari halijanyooka.

Ukisikia injini inazama, sauti inashuka kama gari lililopandishwa mlima kwa gia isiyo yake, basi matairi yanashika kuliko injini inavyoweza kuyazungusha. Mwendo wa tairi unashuka kuelekea mwendo wa gari, ubavu unapata nguvu yote, gari linanyooka. Mara nyingi linanyooka kwa kishindo na kukutupa upande wa pili.

Ukisikia injini inalia juu kabisa, inagonga kikomo cha mizunguko tatatata, kisha gari linaanza kufunga pembe polepole, hapo injini ina nguvu za kutosha ila gia imeisha. Tairi haliwezi kwenda kasi zaidi, nawe huna mafuta ya kuongeza. Pembe uliyonayo ndiyo ya mwisho, na gari likipata mwendo kidogo linanyooka.

Tuanze na injini inayozama, turudi kwa AE86 yetu. Injini yake ya 4A-GE ilitangazwa Japani ikiwa na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 149 hivi. Tuseme ekseli ya nyuma imebeba kilo 470, na tairi lina uwezo wa kusukuma barabara kwa nguvu sawa na uzito uliolikalia. Ili matairi yaendelee kuzunguka kwa km 94 kwa saa kwenye ile kona, injini inatakiwa kuleta barabarani karibu Newtoni 3,600. Gia ya pili, tukiacha kinachopotea njiani, inaleta karibu 4,480. Inatosha na kubaki. Gia ya tatu inaleta 3,070. Haitoshi, injini itazama tu.

Watu wengi hapa hubadilisha difu. Tuijaribu. Difu ya 4.8 badala ya 4.3 inaipa gia ya tatu Newtoni 3,425. Bado tumepungukiwa. Itabidi ufike 5.1 ndipo ivuke kwa kiasi kidogo sana, na wakati huo umekwisha kuikatakata gia ya pili.

Sasa acha difu ilivyo, ubadilishe tairi. Weka lenye mshiko pungufu kwa moja ya tano. Mahitaji yanashuka kutoka 3,600 hadi 2,880 hivi, na gia ya tatu yenye 3,070 inayamudu. Gari ambalo lilikuwa linazama kila kona sasa linapita kona nzima kwa gia ya tatu, na hujagusa injini.

Kwa hiyo kwa gari lenye nguvu kidogo, tairi kwanza. Kwenye Assetto Corsa magari mengi ya barabarani hukupa chaguo kati ya Street 90s, Street na Semislicks, kutoka mshiko mdogo hadi mkubwa. AE86 na wenzake wa nguvu kama hizo waanze na Street 90s. Kwenye Gran Turismo 7 anza na Comfort Hard nyuma. Ndilo gumu kuliko yote ya barabarani, yaani lenye mshiko mdogo zaidi, na linasamehe sana gari dogo. Matairi ya Sports yasubiri mpaka injini iyastahili.

Baada ya tairi ndipo uje kwenye difu, uipandishe kwa hatua ndogo, 0.1 au 0.2 kila mara. Na ikiwa una kanyagio cha klachi, kuipiga klachi kwa mguu, haraka, mafuta yakiwa chini, hurudisha mizunguko iliyoanza kuzama. Lakini ukijikuta unaipiga mara tatu katika kona moja, mpangilio wako bado unaumwa.

Injini inayogonga kikomo ina dawa ya upande mwingine: panda gia moja, na ikiwa kupanda kunaifanya izame, basi umeangukia kwenye dalili inayofuata.

Gia ya pili imeisha, ya tatu inazama

Kona hii imeangukia pengoni kati ya gia mbili. Ni dalili inayokera kwa sababu kila gia peke yake inaonekana nzima.

Kwenye T50, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili injini inashuka kutoka mizunguko 7,500 hadi karibu 4,230. Ni shimo kubwa mno, ndiyo maana hakuna anayedrifti akipandisha kutoka ya kwanza. Kutoka ya pili kwenda ya tatu inashuka hadi 5,130 hivi, ambapo 4A-GE bado ina pumzi. Huo ndio mpandisho wa kuutumia, na kazi yako ni kuhakikisha uwanja unakuangukia ndani ya gia hizo mbili.

Fanya hivi. Pita kona kuu ya uwanja na utazame mwendo wa gari katikati yake. Kisha kadiria mwendo wa tairi unaoutaka. Mimi huanza na mara moja na nusu ya mwendo wa gari. Kona ya km 60 inataka tairi la km 90, ya km 80 inataka 120. Gia unayotaka kuikalia iwe inafikisha mwendo huo ikiwa imebakiza mizunguko kama 1,000 kabla ya kikomo, ili mguu uwe na nafasi juu na chini.

Kwa AE86, kona ya km 80 kwa saa inataka km 120. Gia ya tatu yenye difu ya 4.3 inafika hapo kwa mizunguko karibu 6,560. Safi. Ukiipandisha difu hadi 4.8, mwisho wa gia ya tatu unakuwa km 123 tu, na utagonga kikomo kona nzima. Difu hiyohiyo ya 4.8 ingependeza uwanja mdogo wa kona za km 50 na 60, ambako gia ya pili inaishia km 84 na ya tatu inachukua kuanzia hapo.

Hakuna difu moja ya viwanja vyote, wala hata magari halisi hayana. Kwenye mashindano ya Formula Drift ya Marekani magari mengi yamefungwa difu yenye kifuniko cha nyuma ambacho fundi hukifungua na kubadilisha jozi ya gia ndani ya dakika chache, uwanja mmoja hadi mwingine. Ikiwa wao wenye nguvu za farasi zinazokaribia au kuzidi 1,000 wanaona haja ya kufanya hivyo, sisi wenye vitelezi vya kusogeza kwa kidole hatuna kisingizio.

Onyo kwa wa Gran Turismo 7. Ukishanunua giaboksi ya kupangwa yote utaona kitelezi cha kasi ya juu. Hicho ukikigusa kinapanga upya gia zote. Basi kitangulize: weka kasi ya juu kwanza, kisha gia moja moja, na difu mwisho. Ukienda kinyume utapoteza kazi ya nusu saa kwa mguso mmoja. Kwenye Assetto Corsa si kila gari linaruhusu kugusa gia. Mengine yamefungwa kama yalivyotoka kiwandani, na hapo dawa yako ni tairi na upepo.

Na usihangaike kusogeza gia ya tano na ya sita. Huzitumii. Shughulika na tatu za katikati, uzisogeze karibu karibu, basi.

Ukikanyaga mafuta tu, gari linageuka pua nyuma

Wengi husema tairi halina mshiko. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi ni gia fupi mno kwa nguvu zilizopo: tairi linaruka kutoka km 50 hadi 110 kwa saa kabla mguu haujawahi kurudi, mshiko wa ubavuni unatoweka, nyuma inapita mbele.

Mfano mzuri ni Toyota Chaser JZX100. Hili ni ndugu wa damu wa zile Mark II GX100 zinazoonekana mitaa ya Dar es Salaam. Umbo la chini ni lilelile, na ndugu yao wa tatu ni Cresta. Tofauti iko kwenye injini. Chaser ya 1JZ-GTE ina torki ya Nm 378 hivi. Giaboksi yake ya R154 ina 1.955 gia ya pili na 1.310 gia ya tatu. Hata ukiifunga difu ya 3.9, gia ya tatu peke yake inaleta barabarani Newtoni 6,000. Linganisha na AE86 yetu: gia ya tatu ya Chaser inasukuma kuliko gia ya pili ya AE86. Mtu anayetoka kwenye AE86 akaingia Chaser na mazoea ya gia ya pili lazima azunguke. Si mikono yake mibaya, ni gia.

Kwa gari la aina hii anza na gia ya tatu, hata kona ikionekana ndogo. Tairi lianze kuwa gumu la kati: Street kwenye Assetto Corsa, Comfort Medium au Comfort Soft kwenye Gran Turismo 7. Shusha difu, yaani refusha gia, mpaka uone mguu unaweza kusimama nusu njia na gari likatulia. Ukiweza kushika pembe moja kwa mafuta ya nusu kwa sekunde tatu, gia imepatikana.

Kama bado linazunguka, tazama mbele. Gran Turismo 7 inakuruhusu kuweka tairi tofauti mbele na nyuma, na wengi huweka laini mbele na gumu nyuma ili gari liwe jepesi kuvunja mshiko. Ni sawa kwa AE86. Kwa gari la farasi 400 ni kualika mzunguko, kwa sababu pua inauma kona na nyuma haina cha kujibu. Weka sawa mbele na nyuma kwanza.

Sababu nyingine iko mikononi. Kwa mwenye usukani, ukiung'ang'ania gari linapolala, magurudumu ya mbele hayawahi kukata kinyume. Uachie uzunguke wenyewe, uudake unapotulia. Hili halina uhusiano na tairi wala gia, ila nimeona watu wakibadilisha mpangilio wiki nzima kwa ajili yake.

Moshi mwingi, gari haliendi

Pembe nzuri, kelele nzuri, ila gari linapoteza mwendo na kuishia katikati ya uwanja. Mwendo wa tairi umezidi mno. Kumbuka tairi la km 137 kwenye kona ya km 60: asilimia 39 tu ya nguvu iko ubavuni, kwa hiyo nyuma inatanuka, pembe inakua, na gari lililolala sana hujifunga breki lenyewe kwa matairi ya mbele na mwili mzima.

Shuka gia moja ili kikomo cha injini kikuzuie, au punguza mafuta. Ikiwa umeshafanya yote mawili na bado, tairi lako ni gumu kupita nguvu ulizonazo. Panda daraja moja. Hii ndiyo dalili pekee ambayo mimi huitibu kwa kuongeza mshiko wa nyuma bila kusita. Anayebaki na Comfort Hard kwenye gari la farasi 500 kwa sababu aliambiwa ndiyo tairi la drifti anajinyima mwendo.

Mizunguko miwili mizuri, kuanzia wa tatu gari si lile

Joto. Kwenye Assetto Corsa kila aina ya tairi ina kiwango chake cha joto ambamo linashika vizuri, na drifti hupasha matairi ya nyuma haraka kuliko mbio za kawaida. Joto likipanda, upepo nao unapanda ndani ya tairi, na vyote viwili vikivuka kiwango mshiko unashuka. Gari ulilolipanga likiwa baridi si gari unaloliendesha dakika ya tano.

Fungua kidirisha kinachoonyesha hali ya matairi na uendeshe mizunguko minne mfululizo bila kusimama. Soma upepo wa nyuma ukiwa wa moto. Ukiwa umepanda sana kuliko ulivyoanza, punguza upepo wa kuanzia, psi 2 kwa mara moja, urudie. Panga gari kwa hali yake ya moto, na ukubali kwamba mzunguko wa kwanza litashika isivyo kawaida. Kama mpangilio wa gemu una blanketi za kupasha matairi, ziwashe wakati wa majaribio ili upunguze kubahatisha.

Sababu ya pili ni gia. Tairi linalozunguka km 137 wakati 95 zingetosha linapikika bure. Mtu akinilalamikia joto, swali langu la kwanza ni yuko gia ya ngapi.

Tazama pia hali ya barabara. Assetto Corsa ina viwango kuanzia Dusty hadi Optimum, na gari lililopangwa kwenye kimoja halitakuwa lilelile kwenye kingine. Seva unayojiunga nayo huenda haikuweka kiwango ulichozoea nyumbani.

Upepo ni chombo kizuri pia pale menyu ya gia imefungwa. Kuuongeza nyuma zaidi ya kiwango chake hupunguza mshiko, na kwa gari dogo huo ni msaada. Ila hautoi tofauti kubwa kama kubadilisha aina ya tairi, kwa hiyo usitegemee psi 4 zifanye kazi ya daraja zima.

Pua inakwenda moja kwa moja

Umekata usukani, gari halikunji. Ongeza mshiko wa mbele kama gemu inaruhusu, au rekebisha upepo wa mbele urudi kwenye kiwango cha tairi hilo. Kisha jiulize kama nyuma haishiki mno: nyuma inayong'ang'ania huisukuma pua nje, na mgonjwa anayelia mbele huwa ameumia nyuma.

Linakataa kubadili upande

Kona ya kushoto imepita vizuri, unataka kulala kulia, gari linasita. Angalia moshi. Ukitoka tairi moja tu la nyuma, difu yenyewe (hapa si uwiano, ni kile kifaa cha ekseli kinachogawia matairi mawili nguvu) haifungi vya kutosha. Kwenye Gran Turismo 7 pandisha hisia ya difu upande wa kukanyaga mafuta mpaka yote mawili yatoe moshi. Ukitoka yote mawili na injini iko kwenye kikomo, tatizo ni gia fupi. Wakati wa kubadili upande unaachia mafuta kidogo ili nyuma ishike na irudi, na injini iliyokwama juu inachelewa kushuka. Jaribu kubadili upande ukiwa gia moja juu.

Peke yako safi, ukiwa na wenzako unaachwa au unawagonga

Mkiendesha wawili ubavu kwa ubavu, tairi si chaguo lako peke yako tena. Mwenye Semislicks mbele ya mwenye Street 90s ataondoka kila kona, hata kama mikono ya wa nyuma ni bora. Na akiwa yeye wa nyuma, atamfikia mwenzake mlangoni kabla ya katikati ya kona. Watu hugombana hapo, mmoja akimwita mwingine mkorofi, kumbe wamefunga matairi mawili ya dunia mbili.

Kubalianeni aina ya tairi kabla ya kuingia uwanjani, tena mwafuate mwenye gari lenye nguvu kidogo. Yeye ndiye asiye na pa kusogea, mwenye farasi 400 anaweza kupunguza mguu. Tairi likishakuwa moja, kila mtu apange difu yake mpaka mwendo wa katikati ya kona ulingane. AE86 na Chaser hazitakaa gia moja. AE86 itakuwa juu kwenye gia ya pili, Chaser katikati ya tatu, na zote mbili zitapita kona ileile kwa km 60, milango ikiangaliana.